Samaki Hula Dawa

19 Oktoba 1997, Jumapili

Mvua tangu alfajiri, na redio inasema hii ni El Niño, tujiandae. Kaka yangu Shimba hakusubiri kujiandaa. Upepo umeezua paa lake huko Kayenze, naye ameingia kwangu Mkuyuni akiwa amelowa chapachapa, na begi lake la zamani la melini begani. Kopo la vidonge amelifunga ndani ya soksi mbili ili lisipate maji.

"Mtoto, nyumba yako inaelea?" aliniuliza mlangoni, maana maji yalikuwa yanapita uani. Ana miaka sabini na sita, mimi sitini na tisa, na bado ni mtoto kwake. "Kama inaelea, nahodha nani?"

"Nahodha ni Paskazia," nikamwambia.

"Basi tuko salama."

Nimefurahi kupita kiasi. Tangu astaafu ubaharia hatujakaa pamoja zaidi ya juma moja.

Vidonge ni aminofilini, dawa ya pumu, asubuhi, mchana na jioni. Alianzishiwa zamani, akiwa bado anafanya kazi kwenye meli za ziwani. Mwaka juzi vilipokosekana nilimkuta amekaa kitandani, mabega juu, midomo imekuwa rangi ya majivu, hewa inaingia kwa kuombwa. Sitaki kuiona tena picha ile.

20 Oktoba

Mke wangu ametangaza sheria. Paskazia alilelewa na bibi yake Misungwi, na bibi alikuwa na msimamo mkali juu ya wagonjwa. Samaki hula dawa, kwa hiyo mtu anayemeza vidonge asile samaki mpaka apone. Maharage hayafai, yanajaza tumbo na kifua kinakosa nafasi. Maziwa yanaleta makohozi. Vinavyobaki ni uji, viazi vitamu, na ugali kwa mchicha.

"Lakini pumu haiponi, shemeji," kaka akalalamika. "Nitafunga mpaka lini?"

"Mpaka Yesu arudi," akajibu, na kumwongezea uji.

Nilicheka. Nimefundisha baolojia karibu maisha yangu yote na sijawahi kuona samaki akila kidonge. Sikubishana, hata hivyo. Siku hizi samaki mwenyewe tunamwona kwa shida. Sangara anavuliwa hapa, viwanda vinamchuna minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunabaki na kichwa na mifupa yenye nyama kidogo pembeni, ndiyo mapanki.

23 Oktoba

Mvua.

27 Oktoba

Mvua. Kaka anapumua vizuri sana. Paskazia anasema ni uji.

5 Novemba

Chai imemwagika mara mbili mezani. Mikono ya kaka inatetemeka. Ameukataa uji wa asubuhi, anasema tumbo linampanda.

"Ziwa limechafuka," alisema, akishika meza kwa mikono miwili kama ukingo wa meli.

Nilimshika kifundo cha mkono. Mapigo yanakimbizana. Hapati usingizi pia. Jirani yetu ameniambia huo ni uzee tu. Mimi nami ni mzee, na sijaanza kutikisika.

8 Novemba

Chumba cha kaka kinavuja juu ya kitanda. Hellen, binti yake anayekaanga na kuuza mapanki kule Igoma, amekuja kumchukua mpaka fundi apate bati.

20 Novemba

Mungu mkubwa! Kaka amerudi mzima. Begi amebeba mwenyewe. Paskazia alikuwa anahangaika na uzi dirishani, kaka akamnyang'anya sindano, akailamba ncha ya uzi na kuupitisha mara moja.

"Baharia anashona tanga kwenye dhoruba," akasema. "Itakuwa kitenge chako, shemeji?"

Tumecheka hadi chai ikapoa. Hewa ya Igoma imemfaa, nadhani.

21 Novemba

Mvua. Uji.

30 Novemba

Sindano imemshinda. Amejaribu, akajaribu tena, kisha akaiweka mezani taratibu na kutazama dirishani. Hakutania.

4 Desemba

Siku mbaya. Ametapika tangu asubuhi, moyo unadunda hadi shati linacheza kifuani, na mchana alimwita Paskazia kwa jina la marehemu mama yetu. Nilimtuma mtu akamwite Hellen. Amefika bado amevaa aproni yake, inanuka mafuta.

"Shikamoo, baba mdogo. Sitaki kukukosea heshima," alianza, na mtu akianza hivyo ujue heshima ameiacha nje na viatu. "Baba akiwa kwangu anatunga sindano. Akiwa hapa hashiki kikombe. Nimenyamaza mara ya kwanza. Mama mdogo, unampa nini?"

"Nampa uji," Paskazia akasema.

"Uji una nini ndani?"

"Una maji na unga. Ulitaka uwe na nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

Nikasema, "Hellen!" lakini Paskazia alikwishasimama. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria ya uji wa kaka, akaunywa wote mbele yetu, amesimama wima, bila kupumzika. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Haya. Kaa unisubiri nife."

Hellen hakukaa. Alisema Krismasi ikipita atamrudisha baba yake Kayenze, na vidonge vyote atavitupa ziwani. "Vinammaliza. Vidonge au mtu, kimojawapo."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Vidonge vikitupwa, mvua hizi na ukungu huu, kaka hatamaliza Januari. Nikivitetea, naye akaendelea kuungua hivi, hatamaliza pia. Hellen ameondoka naye.

5 Desemba

Paskazia hajaimba leo. Huwa anaimba nyimbo za kwaya akiosha vyombo, vibaya lakini kwa moyo. Leo nimesikia sahani tu.

Nifikiri kama mwalimu. Mtu mmoja, nyumba mbili, hali mbili. Kati ya nyumba hizo kuna nini tofauti? Maji ni ya bomba kote. Moshi uko mwingi zaidi kwa Hellen, kwa hiyo ingekuwa moshi, angekuwa mgonjwa zaidi kule. Niliwaza dawa bandia, maana tangu biashara ifunguliwe maduka ya dawa yameota kila kona na mengine yanauza antibiotiki karibu na sabuni. Lakini vidonge ni vya hospitali, na kopo ni lile lile, huenda naye na kurudi naye.

Kuna jambo jingine nitaliandika kisha nisilirudie. Asubuhi nilikuwa namtazama Paskazia akikoroga uji wetu, nikashtuka kwamba ninamtazama.

10 Desemba

Barabara ya mtaani imekatika. Hakuna habari za Igoma.

18 Desemba

Naandika haraka kwa furaha, mwandiko utaonyesha.

Nimekwenda Igoma asubuhi kumwona kaka. Nilimkuta kibarazani kwa Hellen, mvua inapiga bati, mapajani ana beseni la mapanki ya kukaanga. Alikuwa amekishika kichwa cha sangara kama mtu anayesoma kitabu, anafyonza shavu, anafyonza nyuma ya jicho, anageuza. Kando yake kulikuwa na wavu mbovu wa jirani, na sindano ya nyuzi imechomekwa katikati. Alikuwa anaushona!

"Mikono vipi?" nikamuuliza.

"Mikono ina kazi, mtoto. Usiisumbue."

"Hellen anakupa nini?"

"Si unaona? Asubuhi mapanki, mchana mapanki. Nikizaliwa tena nitakuwa na mapezi."

Nilisimama pale na mwavuli wangu kama mlingoti. Maana hapo ndipo nilipoona tofauti, na ilikuwa imekaa ndani ya beseni muda wote. Kwangu hakuwa anapata samaki, wala maharage, wala maziwa. Wanga mtupu! Na protini hutengeneza nini mwilini? Misuli, ndiyo, kila mtoto wa kidato cha pili atakwambia misuli. Lakini pia vimeng'enya. Na vimeng'enya vya kwenye ini hufanya nini? Huvunjavunja sumu. Na kwa ini, dawa ni mgeni kama sumu nyingine yoyote.

Sikuaga vizuri. Nilikwenda moja kwa moja hospitali kumtafuta Daktari Rebeka Okeyo, mtoto wa pwani ya Mara niliyemfundisha miaka mingi iliyopita, aliyekuwa akiuliza swali la saba wakati wenzake wamefunga vitabu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafungua kabati, akatoa kitabu kinene, akatafuta ukurasa, akaanza kucheka.

"Mwalimu, keti. Umelowa. Iko hapa. Dawa hii hii."

Nitaieleza kama alivyonieleza, kwa mfano wake wa kiwanda, maana ni mzuri kuliko wangu wote.

Ini ni kiwanda cha minofu. Vidonge ni samaki wanaoletwa mlangoni kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Wakataji ni vimeng'enya. Wakataji wakiwa wengi, mzigo unakatwa na kuondoka, kesho meza ni safi. Ukila protini ya kutosha, kiwanda kinaajiri. Ukishinda na uji kwa majuma, kiwanda kinapunguza wafanyakazi, lakini mzigo unaendelea kuja ule ule. Unarundikana. Aminofilini ikirundikana kwenye damu, mikono hutetemeka, moyo hukimbia, tumbo hukataa, usingizi hupotea, na ikizidi sana mtu huanguka kifafa, hata kufa.

"Na uzee?" nikauliza.

"Uzee unapunguza jengo lenyewe, Mwalimu. Ini la mzee ni dogo kuliko la kijana, na damu inayolifikia ni kidogo zaidi. Dozi hii alipewa zamani, akiwa na nguvu na anakula samaki kila siku. Mwaka hadi mwaka jengo limepungua, yeye hakujua kwa sababu samaki walikuwa wanamsaidia. Mmemwondolea samaki, pengo likaonekana."

Dozi ile ile, mwili si ule ule! Nilitaka kusimama juu ya kiti.

Ameagiza vidonge vipunguzwe kwa nusu, na kaka aende kumwona tena baada ya wiki nne. "Chakula kibaki kama kilivyo kule Igoma mpaka nimwone," akaniambia. Nimeitikia.

19 Desemba

Nimemweleza Paskazia kila kitu, na kiwanda na wakataji. Alisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo samaki anakula dawa," akasema mwishoni.

"Ndiyo, kwa namna fulani, protini inasaidia vimeng'enya—"

"Mayala. Samaki anakula dawa?"

"Anakula."

"Nilisema nini mwezi wa kumi?"

Bibi wa Misungwi alijua samaki wanapunguza dawa. Hakujua kwamba kuna dawa inayotaka kupunguzwa. Mimi nilijua vimeng'enya vyote kwa majina na nikacheka. Paskazia alianza kucheka kwanza, mimi nikafuata, hadi mchele ukamwagika. Jioni ameimba.

21 Desemba

Hellen hajaamini nusu. "Kwa hiyo mchawi ni uji, baba mdogo?" Lakini amekubali tufanye mtihani. Kaka arudi kwetu. Akiweza kutunga sindano mpaka Januari iishe, vidonge vitabaki. Ikimshinda, anamchukua, na kopo litakwenda ziwani. Ameniambia hayo uani. Ndani hakuingia, Paskazia hakutoka.

25 Desemba, Krismasi

Kaka ametunga sindano kabla ya misa, mbele ya wote. Mchana Paskazia amempikia maharage kwa mara ya kwanza. Hellen ametuma pilau kupitia kwa mtoto wa jirani. Ni ya baba yake tu, alisisitiza.

1 Januari 1998

Sindano imepita. Mvua.

6 Januari

Ulaya imewazuia samaki wetu, wanasema ni kwa hofu ya kipindupindu. Viwanda vimesimama. Sokoni Mkuyuni sangara wazima wamelala kwenye maturubai, wanono, na wauzaji wanakuita kwa jina hata kama hawakujui. Wafanyakazi wa viwandani wanarudi nyumbani mapema na nyuso ndefu, na ni vibaya kufurahi. Lakini Paskazia amenunua sangara mwenye minofu yake yote, wa kwanza ndani ya nyumba hii kwa miaka! "Shemeji, leo unakula Ulaya," amemwambia kaka.

9 Januari

Sangara. Sindano imepita kama umeme.

11 Januari, Jumapili

Baada ya chakula cha mchana kaka aliinuka kwenda uani akashindwa kufika. Nilisikia ule mluzi kifuani. Mabega yalipanda juu. Midomo ikaanza kuwa rangi ile.

Tulipata pikapu ya jirani muuza mkaa. Paskazia alimshikilia nyuma, mimi nikashika mwavuli usiofunika kitu. Hospitali walimpa hewa na sindano, na ilipokaribia saa kumi kifua kilianza kushuka. Daktari Rebeka aliitwa kutoka nyumbani kwake, akaja na kandambili.

"Amekula nini wiki hii?"

"Sangara," Paskazia akasema. "Mchana na jioni. Kipande kikubwa."

Sauti ikatoka mlangoni. "Na mapanki yangu." Alikuwa Hellen, anahema, matope hadi magotini. "Nilikuwa namtumia bakuli kila siku saa nne, kupitia kwa mtoto wa jirani. Nilidhani huko bado ni uji."

Paskazia akageuka. "Kila siku?"

"Kila siku, mama mdogo."

Wote tukamtazama kaka. Akasogeza kidogo ile barakoa ya hewa.

"Nimkatae nani?" akasema kwa pumzi fupi. "Ningekataa la huyu, ningesikia. Ningekataa la yule, ningesikia. Nikala yote."

"Rudisha hiyo barakoa," daktari akamwamuru. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa yale ya kidato cha pili. "Mwalimu. Nilipunguza dawa. Nyumba mbili zikaongeza samaki. Ulitufundisha nini kuhusu jaribio?"

Nilimjibu kama mwanafunzi. "Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja."

"Na nilisema chakula kisibadilike."

"Ulisema."

Kiwanda kilikuwa kimeajiri wakataji wengi na mzigo ulikuwa umepunguzwa nusu. Meza ilikuwa tupu, dawa ilikuwa inaisha kabla ya saa ya kidonge kinachofuata. Mwezi wa kumi na mbili ilizidi, sasa imepungua, na mtu ni yule yule, kopo lile lile. Niliogopa mchana kutwa, lakini nitakuwa mwongo nisipoandika kwamba nilipoielewa nilihisi nywele zikinisimama. Tumeuona mzani ukiegemea huku, kisha ukaegemea kule!

12 Januari

Hellen na Paskazia wamekaa benchi moja wodini. Katikati yao kuna mkoba wa Paskazia.

13 Januari

Mkoba umeshuka sakafuni.

15 Januari

Tumerudi nyumbani. Daktari amepandisha dozi kidogo, chini ya ile ya zamani. Masharti yake ni haya: samaki wa kiasi, kila siku, kiasi kile kile. Asipewe mlima wiki hii na jangwa wiki ijayo. Ulaya ikifungua mlango na sangara akapotea sokoni, tumpe dagaa au maharage. Akibadilisha nyumba, chakula kihame naye. Hakuna wa kuongeza wala kupunguza vidonge isipokuwa daktari mwenyewe.

"Na nani atapima kiasi?" nikauliza.

"Hao wanaopika, Mwalimu," akasema. "Wewe utatuchorea mchoro."

24 Januari

Mvua imepumzika, ziwa limekuwa bluu tena. Kaka anahema kama kijana wa sitini.

31 Januari, Jumamosi

Leo ndiyo mwisho wa mtihani. Hellen alifika saa nne, mwenyewe, bila kumtuma mtoto wa jirani. Chini ya kanga alikuwa na bakuli la bati la bluu, lile kaka alilotoka nalo jikoni mwa meli. Aliingia hadi jikoni. Mimi na kaka tulikuwa sebuleni, tukajifanya tunasikiliza redio.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona liko tupu?"

"Nimekuja kuuliza kwanza. Leo umempa nini?"

Kijiko kikagonga ukingo wa sufuria.

"Bado sijampa. Nilikuwa nakusubiri wewe." Kisha, "Tulijaze mpaka hapa, kwenye mstari huu wa bakuli. Tukijaza mpaka juu, yule daktari, mwanafunzi wa Mwalimu, atatusema."

"Mama mdogo, siku ile nilisema maneno."

"Ulisema. Nami nikanywa uji wa sufuria nzima, nilishindwa kulala kwa tumbo. Shika hapa, ni moto."

Wakaanza kubishana ukubwa wa kipande. Hellen alitaka shavu lihesabiwe, Paskazia akasema shavu ni kitoweo cha kuongezea tu, halimo. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu na sikumbuki lini mara ya mwisho kelele ziliniburudisha kiasi kile.

Kaka akanyoosha mkono kwenye kapu la Paskazia, akatoa sindano na uzi mweupe. Aliangalia mlango wa jikoni.

"Niwaite waje kuona?" nikamuuliza.

"Waache," akasema. "Wana kazi."

Akalamba uzi, akaupitisha, akaanza kushona kifungo cha shati lake.